Ukiandika kama tapeli, tapeli anapata pa kujificha



Leo tuongee jambo ambalo tunaliona kila siku kwenye simu na hatulijadili. Ni ile tabia ya kuvunjavunja maneno kwenye matangazo. "D@wa." "M.b.u.z.i." "P0mbe." "M!kopo." Mwingine haandiki neno kabisa, anaweka 🐐 na namba ya simu, basi. Mwingine anaandika "wenye pembe wapo, njoo inboksi". Pita kwenye magrupu ya Mbulu, Dongobesh, Haydom, Katesh mpaka Babati, utakutana nayo. Ukimuuliza mwenye tangazo kwa nini anaandika hivyo, jibu ni moja: "Nikiandika kawaida mtandao utanifungia."

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kuandika hivyo hakumkomoi mwenye mtandao. Anayeumia ni mteja wako, na anayefaidika ni tapeli. Sisi wenye biashara halali tukiandika kama matapeli, matapeli wanapata pa kujificha katikati yetu. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, halafu nitatoa njia za kufanya, maana kulaumu bila kuonyesha njia hakumsaidii mtu mwenye duka na watoto wa kulisha.

WATU WANAFICHA NINI?

Mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok ina sheria zake za nini kiuzwe na nini kisiuzwe. Sheria hizo si sawa na sheria za nchi. Hapo ndipo vurugu inapoanzia.

Mbuzi ni halali kabisa Tanzania. Hapa Hanang mifugo ndiyo benki ya watu, ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari. Lakini Facebook hairuhusu watu kuuziana wanyama hai. Bia ni halali ukiwa na leseni, lakini kwenye soko lao hairuhusiwi. Dawa, sigara, silaha, vivyo hivyo. Nadhani walioandika sheria ile walikuwa wanamfikiria mtu wa mjini huko kwao anayeuza mtoto wa mbwa kwa mtu asiyemjua. Mfugaji wa Basotu mwenye beberu wake hakuwa kichwani mwao.

Kwa hiyo mtu anajifunza kukwepa. Na hili si letu peke yetu. Wanaoandika Kiingereza TikTok waliona wakigusia kifo au kujiua video zao zinabanwa, wakabuni neno "unalive". China, mwaka 2018, wanawake waliokuwa wanaongelea unyanyasaji wa kingono walianza kuandika maneno yenye maana ya "sungura wa wali", kwa sababu kwa Kichina yanasikika "mi tu", yaani kama lile vuguvugu la Me Too. Wale walikuwa na sababu nzito. Walikuwa wanasema ukweli ambao wakubwa hawakutaka usemwe.

Na sisi Waswahili mafumbo si mageni. Kanga ina maneno yake, na jirani anayehusika anajua kabisa kwamba ni yeye. Tukiwa watoto tuliongea kinyume, tunageuza silabi ili wakubwa wasielewe. Kwa hiyo mtu akiandika "wenye pembe" badala ya mbuzi simshangai, ni ujanja wa kawaida.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Fumbo la kanga linamlenga mtu unayemjua na unataka alielewe. Tangazo la biashara linamlenga mtu usiyemjua, aliyeko Arusha, Singida au Dodoma, ambaye hajui ujanja wa grupu lenu. Ukimfumbia huyo, umemfungia mlango ukiwa umesimama nje unaita wateja.

MASHINE INAONA NINI

Tuelewe kwanza huyu tunayemkwepa ni nani. Ukiposti, wa kwanza kuangalia ni mashine. Mashine imefundishwa kwa mifano mingi ya maneno na picha zilizowahi kukatazwa. Ikitilia shaka inaweza kufuta, inaweza kupunguza idadi ya watu wanaoliona tangazo bila kukwambia, au inaweza kulipeleka kwa binadamu aliangalie. Na kuna mlango mwingine: mtu yeyote anaweza kukuripoti. Mshindani wako wa mtaa wa pili naye anaweza.

Sasa angalia. Kuweka nukta kati ya herufi, kuweka 0 badala ya o, kuweka @ badala ya a, hizo ni mbinu za miaka mingi. Watu waliokuwa wanatuma barua pepe za utapeli walizitumia zamani sana, na mashine zilifundishwa kuziunganisha. Wengine wanaandika neno juu ya picha wakidhani huko halisomwi. Facebook ilitangaza tangu 2018 kwamba ina mfumo wa kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Kwa hiyo usijidanganye kwamba umefichama.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwenye biashara ya mtandaoni imegeuka kuwa balaa: mwerevu ni mashine, inaligangua. Mteja wa kweli ndiye anayebaki hajui unauza nini.

Ni kweli kuna siku fumbo linapita. Kiswahili hakijafundishwa vizuri kwa hizo mashine, na Kiiraqw au Kibarbaig ndiyo kabisa. Lakini kupita leo si kupita kesho. Peji uliyoijenga miaka mitatu, yenye wateja wako wote, unaiweka rehani kwa ajili ya tangazo moja la mbuzi.

HASARA YA KWANZA: MTEJA HAKUPATI

Biashara ni matangazo, tunasema kila siku. Mtu anayetaka vitunguu saumu vya Mbulu anaandika "vitunguu saumu Mbulu" kwenye sehemu ya kutafuta. Anayetaka dawa ya mende anaandika "dawa ya mende". Hakuna mtu duniani anayekaa kwenye kiti chake akaandika "d@wa ya m3nde". Ukivunja neno umejitoa mwenyewe kwenye orodha ya wanaotafutwa.

Halafu mteja akikuona kwa bahati, anaona nini? Anaona mtu anayeficha. Hata kama mzigo wako ni safi, una leseni na risiti unatoa, maandishi yako yanamwambia kwamba kuna kitu hakiko sawa. Anapita.

HASARA YA PILI: TAPELI ANAPATA NYUMBA

Hii ndiyo inayoniuma zaidi.

Kuna dada mmoja, mteja wangu wa siku zote, aliona tangazo la "d.@.w.a za kupungu.za mw!li". Akaingia inboksi, akatuma shilingi 45,000. Akaletewa kipakiti kwenye basi: hakina jina la kiwanda, hakina tarehe ya kuisha, hakina kitu. Alipotumia akaanza moyo kwenda mbio, akaacha. Alitaka amrudie muuzaji. Peji haionekani. Akaitafuta kwa kuandika "dawa za kupunguza mwili", haitokei, kwa sababu haikuwahi kuandikwa hivyo. Hakukumbuka nukta zilikaa wapi na @ ilikaa wapi. Akakosa hata ushahidi wa kumwonyesha mtu.

Umeona kazi ya fumbo hapo? Halikumficha muuzaji kwa mwenye mtandao peke yake. Lilimficha kwa mnunuzi aliyetaka kurudi na malalamiko.

Sasa jiulize, kwa nini dada yule hakushtuka alipoona tangazo lina nukta na alama za ajabu? Kwa sababu amezoea. Kila siku anaona watu wazuri, watu anaowafahamu, wanaandika hivyo hivyo wakiuza mbuzi na kuku. Sisi ndio tuliomzoesha. Kama wauzaji wote halali wangeandika wazi, tangazo lenye maneno yaliyovunjwa lingekuwa kama mtu aliyevaa koti la mvua saa saba mchana kiangazi. Kila mtu angemwangalia mara mbili.

Mikopo nayo ni hivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Sisi wafanyabiashara wadogo ndio windo lao, maana mtaji ukikata leo unataka hela leo. Mkopeshaji mwenye leseni hana sababu ya kuandika "m!kop0 bila dh@mana". Jina la kampuni yake analiandika wazi kwa sababu anataka umpate. Ukiona mkopo umeandikwa kwa alama, hiyo peke yake ni jibu.

Na mifugo? Mfugo mnadani una utaratibu. Kuna watu wanaujua ng'ombe ule ni wa boma gani, kuna ushuru, kuna kibali cha kusafirisha. Utaratibu ule unachosha lakini ndio unaomlinda aliyeibiwa na anayenunua. "Wenye pembe wapo, njoo inboksi" haina hata kimoja cha hivyo. Mwizi wa mifugo akitaka kuuza haraka, tangazo lake litafanana herufi kwa herufi na la mfugaji mwaminifu. Wewe mnunuzi utawatofautishaje?

HASARA YA TATU: NENO LINACHAFUKA

Hili watu hawalifikirii. Ukilitumia neno safi kufichia kitu kichafu, neno lenyewe linachafuka, na anayelihitaji kwa kazi halali anaumia.

Mfano wa mbali. Mwaka 2022 BBC iliripoti magrupu ya Facebook ya watu wanaopinga chanjo ambayo yalikuwa yanaweka picha ya karoti 🥕 badala ya kuandika neno chanjo, ili mashine isiwakamate. Karoti jamani! Wewe mkulima wa karoti hapa Mbulu hujui lolote, unaweka karoti tatu kwenye tangazo lako, na kumbe kuna watu wamekwisha kuipa maana nyingine.

Mfano wa karibu zaidi, na huu si wa kucheka. Kenya, kuelekea uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, ile inayoitwa NCIC, ilitoa mwezi wa Aprili orodha ya maneno iliyoona yanatumika kuchochea chuki. Ndani yake kulikuwa na "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Madoadoa ni neno ambalo Bonde la Ufa lilitumika kwa watu wa makabila mengine waliotakiwa waondolewe. Kwekwe ni magugu, kitu cha kung'olewa. Mende sihitaji kueleza, Rwanda mwaka 1994 watu waliitwa mende kabla ya kuuawa. Kwa hiyo NCIC walikuwa na sababu kabisa. Maneno ya kawaida yalikuwa yamebebeshwa damu, na anayeyasema akiulizwa anajibu, "Mimi nilikuwa naongelea shamba."

Lakini sasa rudi dukani. Mtu anauza dawa ya kuua mende. Mwingine anauza dawa ya kuua magugu. Hapa Manyara tuna mji unaitwa Magugu, kule Babati, mchele wake unajulikana nchi nzima. Ipe mashine isiyojua Kiswahili sentensi "tunauza dawa ya kuua Magugu, bei poa, mzigo upo wa kutosha". Itaelewa nini? Inaweza kudhani unataka kumaliza mji mzima.

Ndiyo maana nasema kila fumbo lina bei, na anayeilipa si aliyelianzisha. Mchochezi akificha chuki kwenye neno la shamba, muuza pembejeo ndiye anayefutiwa tangazo.

NI KWELI, NA WENYE MITANDAO WANA DENI KWETU

Nisije nikaonekana nawatetea wakubwa. Hapana.

Mimi nina duka la vitu mchanganyiko. Msimu wa kulima uliopita niliweka picha ya majembe na mapanga kwenye mtandao mmoja, siutaji. Tangazo likafutwa, naambiwa nauza silaha. Panga! Kwetu panga ni la kufyekea na kukatia kuni, kila nyumba linalo. Mtu aliyezaliwa hapa asingehitaji hata sekunde mbili kuelewa.

Tatizo ni kwamba watu wa aina hiyo ni wachache huko. Kuanzia 2019 kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa nchi nyingi za Afrika ilikuwa inafanyika Nairobi chini ya kampuni inayoitwa Sama. Februari 2022 jarida la Time la Marekani lilieleza hali za wafanyakazi wale, mishahara midogo na kuangalia video za mauaji kutwa nzima. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi Kenya mwaka huo huo. Mwanzoni mwa 2023 Sama ikaacha kazi hiyo, na wachujaji zaidi ya 180 wakaenda mahakamani kupinga kuachishwa. Hao ndio waliokuwa wanasoma Kiswahili chetu. Desemba 2024 taasisi moja ya Marekani, Center for Democracy and Technology, ilitoa ripoti nzima kuhusu namna maudhui ya Kiswahili yanavyochujwa, ikiangalia Kenya na Tanzania. Yaani jambo hili linajulikana, si manung'uniko ya wenye maduka tu.

Kiswahili kina mamilioni ya watu. Kampuni inayochukua hela yangu ya kulipia tangazo inao wajibu wa kuwa na mtu anayejua kwamba panga ni panga. Hilo tuliseme bila woga.

Najua kuna mtu atanijibu hivi: "Kama hawatuelewi na hawatusikilizi, tutafanya nini zaidi ya kuwakwepa? Mnyonge silaha yake ni ujanja." Hoja hiyo ina uzito, na wale wanawake wa China ndivyo walivyofanya. Lakini tazama tofauti. Wao walificha neno ili ukweli uwafikie watu wengi zaidi. Sisi tukificha bei na bidhaa, tunawafikia wachache zaidi, na wachache hao wanaletwa kwenye kona ambayo hakuna anayeona. Pia kila tunapokwepa badala ya kulalamika rasmi, mashine haijifunzi kitu. Ingekuwa wauza mapanga wote wa Afrika Mashariki wanaomba matangazo yao yapitiwe upya kila yanapofutwa, kungekuwa na rundo la ushahidi mezani kwa watu wale. Tukivunja neno tukanyamaza, kwao ni kama tatizo halipo.

Na kuna siku neno wazi si suala la biashara. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 walifariki. Siku zile watu walitafuta ndugu zao kwenye simu. Walihitaji majina ya vijiji, walihitaji neno "amepatikana" na neno "amefariki", yameandikwa yanavyosomeka. Fikiria mtu aliye Dar anatafuta habari za mama yake, halafu habari zote zimeandikwa kwa nukta na nyota kwa sababu watu wamezoeshwa kwamba neno kifo linafungiwa. Lugha ya kujificha ukiizoea kwenye mambo madogo, itakufuata mpaka kwenye makubwa.

SASA TUFANYEJE? GAWA MZIGO WAKO MAKAPU MATATU

Kabla ya kuposti, jiulize bidhaa yako iko kapu gani.

Kapu la kwanza: kitu halali ambacho mtandao unakiruhusu, ila neno lake ndilo linaleta utata. Hapa kuna kisu cha jikoni na zana za kulimia. Dawa yake si kupunguza maneno, ni kuyaongeza. Usiandike "mapanga yapo, bei inboksi". Andika hivi: "Majembe na mapanga ya kulimia. Jembe bila mpini shilingi 12,000. Duka liko Haydom, tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa moja usiku." Weka picha ambayo jembe na panga vinaonekana na shamba au kibanda cha duka. Maneno mengi ya kawaida yanaisaidia mashine kuelewa, na yanamsaidia mteja pia. Hata lile panga langu nililoandikia hivyo halijaguswa tena.

Wakikufutia, usivunje neno na kurudia. Piga picha ya skrini kwanza, ubaki na ushahidi. Kisha bonyeza sehemu ya kuomba wapitie upya, na kama wanakupa nafasi ya kueleza, eleza kwa sentensi mbili fupi: hiki ni kifaa cha kilimo, ninauza dukani. Mimi niliomba, nikakaa siku mbili, tangazo likarudi. Si kila mara linarudi, lakini kuomba hakuna gharama.

Kapu la pili: kitu ambacho sheria ya nchi inaruhusu lakini mtandao haukitaki. Mbuzi, ng'ombe, kuku hai, bia ya leseni yako, dawa za mifugo na viuatilifu vyenye usajili. Hapa ushauri wangu ni mgumu kidogo: usiviuze huko. Ile ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba amesema hapangishi mwenye mbuzi. Peji yako itumie kwa vitu vingine vyenye ruhusa: elimu ya ufugaji, vyombo vya kunyweshea, mahali duka lilipo. Biashara yenyewe ipeleke mnadani, kwenye redio zetu za huku, kwenye bango la mkono mlangoni, na kwa wateja wanaokupigia moja kwa moja.

Kuhusu WhatsApp mjue jambo moja. Ujumbe kati ya watu wawili hausomwi njiani, lakini mtu akikuripoti, ujumbe wa mwisho mliotumiana unapelekwa WhatsApp, na namba inaweza kufungiwa. Na ile orodha ya bidhaa ya WhatsApp ya biashara ina sheria zake, wanyama usiwaweke mle.

Kapu la tatu: kitu ambacho hata sheria ya nchi haikitaki, au hujui kilikotoka. Gongo, mirungi, vipodozi vyenye viambata vilivyopigwa marufuku, dawa za binadamu zisizosajiliwa na TMDA. Hapa sina mbinu ya kukupa na siitafuti. Hakuna @ inayosafisha mzigo mchafu. Kama unajikuta unahitaji fumbo ili uuze, hapo tatizo si neno, ni mzigo. Ukamatwe usikamatwe, kuna mtu atameza kile kitu.

NA WEWE UNAPONUNUA

Sisi pia ni wanunuzi, tunaagiza mzigo Arusha, Kariakoo na hata nje. Kwa hiyo:

1. Tangazo lenye maneno yaliyovunjwa, omba muuzaji akuandikie jina kamili la bidhaa na bei, kwa maneno ya kawaida. Akikataa, acha.

2. Usitume hela kabla hujapata jina la duka, mahali lilipo na jina linalotokea kwenye namba ya kulipia. Majina yasipofanana, uliza.

3. Dawa au kipodozi, dai picha ya kifungashio inayoonyesha kiwanda na tarehe ya kuisha.

4. Piga picha ya skrini ya tangazo kabla ya kulipa. Likifutwa utabaki na kitu.

5. Namba inayokutumia ujumbe wa utapeli, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ipeleke 15040. Ni namba iliyowekwa kwa ajili hiyo na ni bure.

Na kwa muuzaji nyongeza moja: weka daftari. Jina la mteja, namba yake, anachonunua. Peji inaweza kufungwa kesho kwa haki au kwa uonevu, lakini daftari lililoko kwenye droo ya duka halifungiwi na mtu.

NENO LA MWISHO

Kuna watakaosema nawaambia watu waache hela mezani. Hapana. Muuza mbuzi wa Katesh alikuwa anauza kabla simu haijafika, kwa sababu watu walijua boma lake na jina la baba yake. Biashara ya huku imesimama kwenye kujulikana. Mtandao ungetakiwa kuongeza idadi ya watu wanaotujua. Tukiingia huko kwa kujificha, tunatupa kitu pekee ambacho tapeli hana na hawezi kukinunua.

Tapeli anaweza kuiba picha zako. Anaweza kuiga bei zako. Kitu ambacho hawezi ni kuandika wazi jina lake, duka lake na mzigo wake, halafu kesho akawepo pale pale. Wewe unaweza.

Kwa hiyo leo jioni ukifunga duka, fungua matangazo yako ya mwezi huu. Kila palipo na nukta isiyo na kazi, @ isiyo na kazi, "bei njoo inboksi", rekebisha. Kisichoweza kuandikwa wazi, kishushe. Kisha tuambie hapa chini unauza nini, uko wapi na bei gani. Kwa maneno yanayosomeka.